Barua hukuituma, lakini imerudi kwako: jinsi ya kuisoma taarifa ya MAILER-DAEMON

Taarifa za MAILER-DAEMON, jina ambalo seva za barua hutumia kukuarifu kwamba barua imeshindikana kufika, zikianza kumiminika kwenye kisanduku chako, na barua zinazotajwa humo hukuzituma wewe, usikimbilie kubadilisha nywila. Mara nyingi hakuna aliyeingia kwenye akaunti yako. Utabadilisha nywila, taarifa zitaendelea kuja vilevile, na utabaki unajiuliza mwizi anapitia wapi. Swali la kwanza ni moja: barua ile ilitoka kwenye seva gani? Jibu limo ndani ya taarifa yenyewe, ila wengi hawafiki huko kwa sababu limeandikwa kwa lugha ya mashine.

Tuanze na chanzo cha tatizo. Utaratibu wa kusafirisha barua pepe, SMTP, uliandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982, wakati mtandao ulikuwa wa vyuo na maabara chache zilizofahamiana. Haukuweka njia ya kuhakiki mtumaji. Hadi leo seva mbili zikizungumza, mazungumzo huwa hivi:

MAIL FROM:<info@duka.example>
RCPT TO:<mteja@mbali.example>
DATA
From: "Idara ya Malipo" <malipo@benki.example>
Subject: Ankara yako

Hapo kuna anwani mbili za mtumaji. Ya MAIL FROM ni ile ya nyuma ya bahasha: seva huitumia kujua pa kurudisha barua ikishindikana. Ya From ni ile iliyoandikwa kwenye karatasi ndani, ndiyo anayoiona msomaji. Hakuna sheria inayosema zifanane, na mtuma barua taka anaweza kujaza zote mbili atakavyo. Akiweka yako nyuma ya bahasha, kila barua itakayomkosa mpokeaji inarudi kwako. Hajakuibia kitu, ametumia jina lako tu.

Kwa nini lako? Kwa kawaida hakuna sababu binafsi. Orodha ile ile anayoitumia kupata wapokeaji ndiyo anayochotea majina ya watumaji. Virusi vya Sobig.F vya Agosti 2003 na Mydoom vya Januari 2004 vilikuwa vikisoma anwani kwenye kompyuta iliyoambukizwa, kisha vikituma kwa moja huku vikijifanya nyingine. Watu ambao kompyuta zao zilikuwa salama kabisa walijikuta wakipokea lawama na taarifa za kurudishwa. Kulengwa kwa makusudi kupo pia. Mwanzoni mwa 1997 Joe Doll, mwenye tovuti ya joes.com, alimfungia mtumiaji mmoja kwa kutangaza kwa barua taka, na mtu huyo akalipiza kwa kusambaza barua taka nyingine kwa jina la Joe.

Sasa fungua taarifa moja. Usibonyeze kiungo chochote, wala usifungue kiambatisho kwa kukibofya. Tafuta kwenye menyu ya programu yako sehemu ya kuonyesha ujumbe asilia. Kwenye Gmail ya kompyuta iko ndani ya vile vidoti vitatu vilivyo kando ya kitufe cha kujibu. Taarifa halisi ina sehemu tatu: maelezo ya kawaida, ripoti ya mashine, na nakala ya barua iliyokataliwa au angalau vichwa vyake, yaani mistari ya maelezo inayotangulia ujumbe. Maelezo ya kwanza hayana msaada mkubwa. Ripoti ya mashine inafanana na hii:

Reporting-MTA: dns; mx.mbali.example
Final-Recipient: rfc822; mteja@mbali.example
Action: failed
Status: 5.1.1
Diagnostic-Code: smtp; 550 5.1.1 User unknown

Mstari wa Reporting-MTA ndio wa kuangalia kwanza. Unataja seva iliyoandika taarifa hiyo. Kama ni seva ya mbali usiyoifahamu, maana yake iliipokea barua kutoka kwa mtu fulani, ikagundua baadaye kwamba mpokeaji hayupo, ikamtafuta wa kurudishiwa na kukukuta wewe. Kama ni seva yako mwenyewe, habari si njema: seva yako ndiyo iliyobeba barua hiyo, ikajaribu kuipeleka, ikakataliwa. Kwa anayetumia Gmail au Microsoft 365 mstari huu hautoshi peke yake, kwa kuwa seva hizo zinahudumia mamilioni ya watu, na huyo mlaghai anaweza kuwa mmoja wao.

Namba ya Status inayoanza na 5 ni kukataliwa moja kwa moja. 5.1.1 ni mpokeaji asiyekuwepo, 5.7.1 ni kukataliwa kwa sera, mara nyingi kwa sababu ya barua taka. Inayoanza na 4 ni kucheleweshwa: seva bado inajaribu. Kiwango cha SMTP kinataka seva iendelee kujaribu kwa siku 4 hadi 5 kabla ya kukata tamaa, na Postfix, moja ya programu za seva za barua, bila kubadilishwa hungoja siku 5. Ndiyo maana taarifa huendelea kudondoka moja moja karibu wiki nzima baada ya wimbi lenyewe kwisha. Usidhani limeanza upya.

Kisha shuka hadi sehemu ya tatu, kwenye mistari ya Received. Kila seva huweka mstari wake juu ya ile iliyoikuta, kwa hiyo wa juu kabisa ndio wa mwisho kuandikwa. Mistari ya chini inaweza kuwa imebuniwa na mlaghai kabla hajatuma, usiiamini. Anza juu, pita mistari ya seva za upande wa mpokeaji, simama pale inapotajwa mashine ya kwanza ya nje:

Received: from duka.example (unknown [203.0.113.77])
  by mx.mbali.example with ESMTP id 4F2A91C0;
  Tue, 4 Mar 2025 03:12:44 +0000

Jina duka.example hapo limetajwa na mashine inayotuma. Ni kauli yake tu. Neno unknown linasema mx.mbali.example ilitafuta jina la anwani ya IP hiyo (namba ya mashine kwenye mtandao), haikupata la kuaminika. Kilicho kwenye mabano ya mraba ndicho ushahidi, kwa sababu mx.mbali.example yenyewe iliiona anwani hiyo ikiongea nayo, na mazungumzo ya SMTP hayawezekani kama majibu hayarudi kwa anayeongea. Ilinganishe na anwani ya IP ambayo barua zako hutokea. Huijui? Jitumie barua kutoka kwenye akaunti yako kwenda akaunti nyingine, uisome kwa njia hii hii.

Zikitofautiana, na hakuna dalili ya seva yako popote, umeghushiwa jina tu. Zikifanana, barua ilitoka kwako kweli. Na ipo hali ya tatu ambayo watu huikosa: barua imetoka kwenye seva yako, lakini hakuna nywila iliyoibiwa. Nitairudia hii.

Kabla ya hapo, tahadhari juu ya taarifa bandia. Mydoom ilijifanya hivyo hivyo: ilikuja na vichwa kama «Mail Delivery System», ikidai barua yako imeshindikana, na kiambatisho ndicho kilikuwa kirusi. Mchezo haujaisha. Leo utaambiwa kuna barua zako kadhaa zimekwama kwenye seva, ingia hapa uzitoe, na ukurasa unaofunguka unakuomba nywila. Seva ya barua haiombi nywila kwa kiungo ili ikuachilie barua. Kama taarifa haina ripoti ya mashine ya aina niliyoonyesha, na kuna kitufe cha kubonyeza, ifute.

Kitu kingine kinachowatisha watu ni kukuta barua hizo kwenye folda ya zilizotumwa. Kwa kawaida hiyo ni dalili nzito ya kuingiliwa, ila si lazima. Aprili 2018 watumiaji wa Gmail walikuta barua taka kwenye folda hiyo ingawa nywila zao hazikuguswa. Vichwa vilighushiwa ionekane wamejitumia wenyewe, na mfumo ukaziweka huko kimakosa. Google ilikiri na kurekebisha. Vichwa vya ujumbe ndivyo vya kuamua, si folda.

Umeghushiwa jina tu, ufanye nini? Kama anwani yako ni ya gmail.com au yahoo.com, una kazi ndogo sana. Kikoa, yaani jina linalofuata alama ya @, si chako, ulinzi wake uko mikononi mwa wenyewe. Yahoo kwa mfano iliagiza Aprili 2014 kwamba barua zenye jina la yahoo.com zisizopita uhakiki zikataliwe na seva zote. Weka kichujio cha muda kinachopeleka taarifa hizo kwenye folda ya pembeni, usizifute, maana katikati yake inaweza kuwemo taarifa halali ya barua uliyoituma kweli kwa mteja. Usiwajibu waliokuandikia kwa hasira zaidi ya sentensi moja. Wimbi hupita.

Kama una kikoa chako, kazi ipo na inafaa kufanyika hata kama hujaghushiwa bado. Anza na kile ambacho hakihitaji elimu ya DNS, orodha ya mtandao inayotunza rekodi za kila kikoa: zima kisanduku kinachopokea kila kitu. Kwenye cPanel, kidirisha cha kusimamia tovuti na barua, kuna mpangilio wa anwani ya msingi unaoamua barua zilizoandikwa kwa majina yasiyokuwepo ziende wapi. Ukiwa umewekwa zije kwako, mlaghai anayebuni majina kama abdx71@duka.example, qrt09@duka.example na mengine mia, taarifa zote zitakufikia. Uweke ukatae, yaani seva ijibu kosa palepale wakati wa mazungumzo ya SMTP. Kwenye faili la Exim, programu ya barua inayotumiwa na cPanel, chaguo hilo huandikwa :fail:. Usichague :blackhole:, kwa kuwa hiyo humeza barua kimyakimya, na mteja aliyekosea herufi moja ya anwani yako hatajua kamwe kwamba hujampata. Kwa kikoa kidogo, hatua hii moja mara nyingi hupunguza mafuriko kuliko nyingine zote.

Kisha SPF. Ni rekodi ya TXT kwenye DNS inayotangaza seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chako, na inachunguza hasa ile anwani ya nyuma ya bahasha, ndiyo maana inahusika moja kwa moja na tatizo hili. Seva ya mbali inayosoma SPF hukata mazungumzo pale pale na mashine ya mlaghai. Mlaghai haandikiwi taarifa, na wewe huandikiwi.

v=spf1 mx ip4:203.0.113.10 include:_spf.google.com -all

Makosa ya SPF ni yale yale kila mahali. Mtu ana rekodi mbili za SPF kwa sababu kampuni mbili zilimwambia kila moja aongeze yake: kiwango kinasema mbili ni kosa, na zote hazihesabiki. Ziunganishe ziwe moja. Mwingine amerundika include mpaka uchunguzi unavuka mitafuto 10 ya DNS. Hapo pia matokeo ni kosa, na include moja inaweza kubeba nyingine ndani yake, kwa hiyo nne tu zinaweza kufika kumi. Mwingine ameishia na +all, ambayo inaruhusu dunia nzima kutuma kwa jina lake. Afadhali asingekuwa na rekodi kabisa. Mwishoni weka ~all (zitiliwe shaka) wakati unajaribu, -all (zikataliwe) ukishajua barua zako zote zinatoka wapi, pamoja na zile za mfumo wa ankara na za tovuti ambazo husahaulika.

DKIM huweka sahihi ya kidijitali kwenye barua yenyewe, na mpokeaji huihakiki kwa ufunguo uliotangazwa kwenye DNS. Ufunguo uwe wa biti 2048. Kipande kimoja cha rekodi ya TXT hakizidi herufi 255, kwa hiyo ufunguo huo hukatwa vipande viwili ndani ya alama za kunukuu. Baadhi ya vidirisha vya DNS hukata vyenyewe, vingine hukubali rekodi iliyoharibika bila kulalamika. Ndiyo sababu DKIM iliyowekwa leo ijaribiwe leo.

DMARC ndiyo inayounganisha hizo mbili na jina linaloonekana kwa msomaji kwenye From:

_dmarc.duka.example  TXT  "v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@duka.example"

Anza na p=none. Haizuii kitu, inakuletea ripoti za XML, kwa kawaida mara moja kwa siku kutoka kila mtoa huduma mkubwa, zikitaja anwani za IP zilizotuma kwa jina lako na ngapi zilipita uhakiki. Humo utaona wizi wenyewe kwa namba, na utaona pia seva zako ulizozisahau. Zisahihishe kwanza, ndipo uende p=quarantine, na baadaye p=reject. Anayeruka moja kwa moja hadi reject huwa anazuia ankara zake mwenyewe. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai SPF, DKIM na DMARC kwa wanaotuma kwa wingi, ambao Google inawahesabu kuanzia barua 5000 kwa siku. Wadogo nao wanadaiwa angalau mojawapo ya SPF au DKIM. Kwa hiyo kazi hii ungeifanya tu.

Jambo la kuangaliwa hapa kwetu: ipo biashara yenye kikoa cha .co.tz au .co.ke kwa ajili ya tovuti, huku barua zote zinapita Gmail ya kawaida. Kikoa kisichotuma barua ndicho kinachofaa kughushiwa, maana hakuna anayekiangalia. Kifunge kwa rekodi mbili: v=spf1 -all, na DMARC ya p=reject. Hakuna barua halali ya kuharibu, kwa hiyo hakuna cha kusubiri.

Sasa upande mbaya: barua ilitoka kwenye akaunti yako kweli. Hapa mpangilio wa hatua una maana. Kama unashuku kompyuta yako ina programu hasidi, tumia kifaa kingine kubadilisha nywila, vinginevyo unamkabidhi mwizi na ile mpya. Badilisha, toka kwenye vifaa vyote vilivyoingia, washa uthibitishaji wa hatua mbili. Baada ya hapo kagua yale ambayo nywila mpya haiyagusi: vichujio, uelekezaji wa barua kwenda anwani nyingine, programu zilizopewa ruhusa ya kusoma barua, na namba ya simu na anwani ya kurejeshea akaunti. Vichujio ndivyo mwizi anavyovipenda. Huweka sheria inayotupa kila taarifa ya MAILER-DAEMON na kila jibu kwenye takataka au kwenye folda isiyofunguliwa na mtu, kama ile ya RSS kwenye Outlook, ili usishtuke. Na kama namba ya kurejeshea ni ya laini uliyoiacha zamani, iondoe leo. Laini iliyolala hugawiwa mtu mwingine. Kwenye Gmail ya kompyuta, chini kabisa kulia pameandikwa shughuli ya mwisho ya akaunti. Ukifungua maelezo yake utaona anwani za IP na aina ya programu zilizotumika.

Kwa mwenye seva ya cPanel, anza kwa exim -bpc, inayotoa idadi ya barua zilizo kwenye foleni. Seva ya ofisi ndogo yenye maelfu haina siri tena. exim -bp itaorodhesha barua hizo, chukua namba ya moja, usome vichwa vyake kwa exim -Mvh ikifuatwa na namba hiyo. Ukikuta X-PHP-Script au X-PHP-Originating-Script, barua imetumwa na faili la tovuti na jina lake limeandikwa hapo. Kisha tafuta ndani ya /var/log/exim_mainlog: mstari wenye A=dovecot_login au A=dovecot_plain ukifuatwa na jina la kisanduku unasema mtu aliingia kwa nywila ya kisanduku hicho. Kwenye Postfix dalili hiyo hiyo ni sasl_username= ndani ya /var/log/mail.log, na foleni huonyeshwa na postqueue -p. Usifute foleni yote kwa papara kabla ya kuhifadhi barua mbili tatu za ushahidi. Ukifuta umepoteza njia ya kumjua aliyetuma, na kesho foleni itajaa tena.

Na hiyo hali ya tatu. Tovuti ina fomu ya mawasiliano, na fomu imewekwa imjibu aliyeandika: «Asante, tumepokea ujumbe wako», ikifuatiwa na nakala ya alichoandika. Roboti inajaza anwani ya mtu asiyehusika kwenye nafasi ya barua pepe, na tangazo lake la kamari au mkopo kwenye nafasi ya jina au ujumbe. Seva yako inampelekea mtu huyo tangazo, kwa heshima zote, likiwa na sahihi yako ya DKIM na SPF safi. Anwani ikiwa haipo, barua inakurudia. Utabadilisha nywila kumi, hakuna kitakachobadilika. Dawa ni kuzima jibu hilo, au kulibakiza sentensi tupu isiyorudia hata jina aliloandika mgeni, kuweka CAPTCHA (jaribio la kutenganisha binadamu na roboti), na kuongeza nafasi moja iliyofichwa ambayo binadamu haioni lakini roboti huijaza, fomu iliyojazwa hapo itupwe. Fomu za kujiandikisha kupokea jarida na zile za kusahau nywila hutumiwa vibaya kwa mtindo huu huu.

Limebaki neno kwa wanaosimamia seva, maana taarifa zinazowafikia wasiohusika hutengenezwa na seva zilizopangwa vibaya. Mpokeaji asiyekuwepo akataliwe wakati mazungumzo ya SMTP bado yanaendelea, kwenye hatua ya RCPT TO, kabla barua haijapokelewa. Ukishajibu 250 umekubali mzigo, na njia pekee ya kuutua ni kumwandikia mtu ambaye huenda hakukutumia kitu. Kwenye Postfix hakikisha local_recipient_maps haijaachwa tupu, na kama unapokea kwa niaba ya seva nyingine, jaza relay_recipient_maps. Mkosaji mkubwa ni MX ya akiba, yaani seva ya pili inayopokea barua ile kuu isipopatikana: haina orodha ya visanduku halali, inapokea kila kitu, kisha inagonga mwamba kwenye seva kuu na kuanza kurudisha. Ipe orodha, au iondoe kabisa. Binafsi ningeiondoa. Seva inayotuma itangoja siku 4 au 5 hata hivyo, na kwa ofisi ya watu ishirini hakuna hitilafu ya kawaida inayodumu muda huo.

Zima pia taarifa za kizuia virusi zinazomwandikia anayedhaniwa kuwa mtumaji, na majibu ya likizo yasijibu barua zenye kichwa cha Auto-Submitted (zilizotumwa na mashine) wala zenye MAIL FROM tupu. Hiyo MAIL FROM tupu, inayoandikwa <>, ndiyo taarifa za kurudishwa husafiri nayo ili zisirudishiane bila mwisho. Usiizuie kwenye seva yako kwa kudhani umepata dawa ya mkato. Utakuwa umezuia na taarifa halali za watumiaji wako. Anayezidiwa kabisa aangalie BATV: seva huongeza alama ya prvs= kwenye MAIL FROM ya kila barua inayotoka, na taarifa ikirudi bila alama hiyo inakataliwa mlangoni. Exim inayo tayari. Ila baadhi ya orodha za barua huitambua anwani ya mwanachama kwa MAIL FROM, na zikiona alama ngeni humwona si mwanachama; weka orodha ya vikoa vya kuruka kabla ya kuiwasha.